Darasa la Kiluri, Ngamiani: niliyoyapata kwa miezi mitatu

Watu wasiopungua kumi wameshaniuliza kama lile darasa la Kiluri, lugha ya Waluri wa milimani Iran, la Barabara ya 9 hapa Tanga linafaa, na wote niliwajibu nusunusu kwa kuwa nilikuwa bado nasoma. Sasa nimemaliza. Miezi mitatu, Jumanne na Alhamisi baada ya sala ya alasiri, shilingi 60,000 kwa mwezi. Naandika haya ili anayetaka kujiunga ajue anaingia wapi na atatoka na nini mkononi.

Niseme kwanza mimi ni nani, itakusaidia kuyapima maneno yangu. Ni mzaliwa wa Tongoni, kilomita kama 17 kusini mwa mji, na kazi yangu ni kuongoza wageni, asubuhi mapango ya Amboni, jioni magofu ya kwetu. Lugha sikuzisomea. Na miaka yote ya kazi hii kuna swali moja linalonibana pale pale kwenye makaburi. Tongoni pana msikiti wa kale na makaburi yapatayo 40, mengine yalikuwa na nguzo ndefu ambazo nyingi zimeshaanguka. Msafiri Mwingereza Richard Burton alipopita mwaka 1857 aliandika habari za kigae cha hapo kilichokuwa na maneno ya Kiajemi, "Shid i raushan", yaani jua ling'aalo. Kigae chenyewe hakipo tena. Mgeni akishasikia hivyo huniuliza: nyinyi mnaojiita Washirazi, Kiajemi mnakijua? Hapo hutaja bandari, nanga, pamba, rangi, serikali, bustani, dirisha, kisha maneno yananiishia. Jambo hilo limenisumbua tangu nikiwa kijana. Marehemu babu alikuwa akisema "sisi Washirazi" kwa sauti ya mtu anayetaja nyumba aliyozaliwa, lakini hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kumwomba mtu maji kwa Kiajemi.

Mwaka juzi nililipia programu moja ya simu ya kujifunza Kiajemi. Mashine inasema, wewe unarudia. Wiki tano nilirudia kwamba tufaha ni jekundu na kwamba mwanamke anasoma gazeti. Nilipotaka kujua kwa nini neno moja linatamkwa hivi na jingine vile, hapakuwa na wa kumuuliza. Pesa haikurudi. Kwa hiyo nilipoona kipeperushi mlangoni kwa mtu wa fotokopi, "Kiajemi na Kiluri, wanaoanza, wake kwa waume", nilikwenda nikiwa na wasiwasi, na nilikwenda kwa ajili ya Kiajemi. Kiluri sikukijua hata kwa jina.

Mwalimu ni mama wa makamo aliyefika Tanga kwa ndoa. Mumewe ni mtu wa hapa hapa, alikwenda kusoma Qom, Iran, akarudi na mke. Kiswahili chake ni kizuri, amekipatia sokoni na kwa mawifi zake, na anakizungumza kwa adabu za kwetu. Siku ya kujiandikisha aliniuliza, "Kaka, unataka Kiajemi cha vitabuni, au unataka lugha ya nyumbani kwetu?" Nikamjibu nataka lugha ya Washirazi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema Shiraz ni mji, na mji huo umo katika mkoa wa Fars, na ukitoka mjini ukapanda milima upande wa kaskazini-magharibi unafika kwa Wamamasani, ambao ni Waluri na wanazungumza Kiluri. "Huko Fars kwenyewe hakuna lugha moja," akasema. Sentensi ile ndiyo iliyoniandikisha Kiluri. Hata siku moja sikuwahi kufikiri kwamba Fars yenyewe ina lahaja na lugha zake, kama pwani yetu ilivyo na Kimtang'ata, Kivumba, Kimvita na Kiamu.

Chumba kiko ghorofani juu ya duka la vitambaa. Viti vinane, ubao mweupe mmoja, feni moja inayofanya kazi umeme ukiwepo. Tulianza saba tukamaliza wanne: mimi, mzee mmoja mstaafu wa bandari, na mabinti wawili wanaosomea uuguzi. Waliotoka hawakukimbia ubaya. Walitaka lugha ya kuombea kazi au nafasi ya masomo nje, na kwa haja hiyo Kiluri hakitakusaidia. Anayetaka hivyo aende Jumatatu na Jumatano, kwenye Kiajemi, asijisumbue na siku zetu.

Somo la kwanza halikuwa na kalamu. Mwalimu alisimama, akatamka neno la Kiajemi, kisha la Kiluri, akatuachia masikio yafanye kazi. Pul, pil: pesa. Dur, dir: mbali. Ab, ow: maji. Shab, show: usiku. Khar, har: punda. Khane, hona: nyumba. Alirudia mara tatu, polepole, kisha akauliza, "Mmesikia nini?" Mzee wa bandari ndiye aliyejibu wa kwanza. Alisema penye u huku wanaweka i, b ya mwisho inalainika inakuwa w, na kh inapoteza kwaruzo lake inabaki h. Mwalimu akapiga makofi. Mimi nikamkumbuka shangazi yangu aliyeolewa Mombasa, ambaye sisi tukisema njia yeye husema ndia, tukisema kucheza yeye husema kuteza. Ukishaujua mlango huo mmoja, maneno mengi yanapita yenyewe. Na hiyo kh na h tunayo vinywani mwetu kila siku: aliyekaa sana chuoni husema khabari na kheri, na watu wengine husema habari na heri, na hakuna asiyeelewa.

Nililifurahia jambo moja dogo kuliko yote ya mwezi ule. Nilimuuliza kuhusu darubini. Akaliandika ubaoni, akalikata vipande viwili kwa wino mwekundu: dur ni mbali, bin ni kuona. Miaka yote nimelishika neno hilo mkononi, wageni wakitazama ndege na nyani kule Amboni, na sikujua kwamba nimeshika maneno mawili ya Kiajemi yaliyofungwa pamoja. Nikamwambia basi angekuwa Mluri ndiye aliyetuletea neno, lingeanza na dir. Akasema, "Ndiyo, masikio yako yameshafunguka." Vivyo hivyo serikali, sar ni kichwa na kar ni kazi. Nahodha ni na-khoda, bwana wa chombo. Nilirudi nyumbani kwa miguu siku ile mpaka Makorora, sikutaka bajaji, nilitaka kuyasema barabarani.

Asili ya lugha alitueleza bila kuturefushia. Kiluri kimo katika kundi la kusini-magharibi la lugha za Kiirani. Ukoo wake na wa Kiajemi unakutana nyuma kwenye Kipahlavi, lugha ya dola ya Wasasani iliyoanguka karne ya 7, na nyuma ya hapo kwenye Kiajemi cha kale ambacho wafalme wa akina Dario walikichonga kwenye miamba. Kwa hiyo anayesema Kiluri ni Kiajemi kilichoharibika anakosea. Ni ndugu wawili waliolelewa nyumba mbalimbali, mmoja akapata ofisi, vitabu na washairi, mwingine akabaki mlimani na mifugo. Watu wengine nao hukitupa kwa Wakurdi kwa kuwa ni majirani na mavazi yao yanafanana machoni pa mgeni. Mwalimu alitupa kipimo kidogo ninachokikumbuka hadi leo: mzizi wa kujua. Kwa Kiajemi na Kiluri huanza na d, dan au dun. Kwa Kikurdi huanza na z, zan. Mpaka wa makundi mawili ya lugha umekaa kwenye herufi moja. Ipo pia Kilaki, inayozungumzwa humo humo Lorestan, mkoa wa Waluri, kati ya Waluri na Wakurdi, na wataalamu wengi huiweka upande wa Kikurdi ijapokuwa wenyewe wengi hujihesabu Waluri. Hapo mabinti wa uuguzi walibishana naye sana, wakitaka jibu moja. Aliwaambia mtu anaweza kuwa na lugha ya upande mmoja na ukoo wa upande mwingine, kwani Tanga hawajaona watu wa namna hiyo?

Kwenye lahaja ndipo mwalimu huyu anapowashinda wengine wote niliowahi kukaa mbele yao, na sababu ni nyumba aliyozaliwa. Baba yake ni mtu wa Khorramabad, mji mkuu wa Lorestan, wenye ngome ya Falak-ol-Aflak juu ya kilima katikati. Mama yake ni Mbakhtiari, nao ni Waluri pia, wa Masjed Soleyman huko mkoa wa Khuzestan, mji ambao mwaka 1908 ulitoka mafuta ya kwanza ya Iran, katika ardhi ya malisho ya Wabakhtiari. Baba anazungumza Kiluri cha kaskazini, mama Kibakhtiari, na watoto walikua wakisikia vyote viwili kwenye mkeka mmoja. Basi akifundisha neno, hutoa la baba, kisha la mama. "Mimi" kwa baba ni me, kwa mama ni mo. Sauti ya d ya Wabakhtiari ikikaa baada ya irabu hulegea mpaka karibu ipotee, na alitufanyisha mazoezi yake wiki nzima. Binti mmoja aliipata siku ya kwanza. Mimi bado.

Tawi la tatu ni Kiluri cha kusini, cha Kohgiluyeh na Boyer-Ahmad ambako mji mkuu ni Yasuj, pamoja na hao Wamamasani wa Fars. Hilo analijua kwa kusikia tu, na alikiri wazi hivyo, akatuchezea sauti za watu wa huko kwenye simu badala ya kuigiza. Nampa heshima kwa hilo. Mgawanyiko wenyewe ni wa kale. Tangu zama za kati nchi ilihesabiwa Lur Kubwa na Lur Ndogo. Lur Kubwa, ambayo ndiyo ya Wabakhtiari na watu wa kusini, ilitawaliwa na ma-Atabeg, yaani watawala, wa ukoo wa Hazaraspi, makao yao yakiwa Izeh, tangu karne ya 12 hadi mwaka 1424. Lur Ndogo ndiyo Lorestan ya leo, na watawala wake walikuwa ukoo wa Khorshidi hadi Shah Abbas, mfalme wa Uajemi, alipowaondoa mwishoni mwa karne ya 16. Jumla ya wanaozungumza matawi yote inakadiriwa kuwa kati ya watu milioni 4 na 5.

Nilipolisikia jina Khorshidi nilishtuka. Khorshid ni jua. Ile shid ya kigae cha Tongoni iko ndani yake. Nikainua mkono, nikamweleza mwalimu habari ya kigae, na Jumamosi ya wiki ya sita darasa zima tukapanda daladala kwenda kwetu.

Hii si sehemu ya ada, kila mtu alijilipia nauli, lakini kwangu ndiyo siku iliyolipa miezi yote mitatu. Nilimpeleka mwalimu kwenye makaburi, nikamwonyesha vishimo kwenye kuta za matumbawe ambamo zamani zilipachikwa sahani za kaure, nikamwandikia maneno ya kigae kwenye daftari. Aliyasoma kwa sauti, mara mbili, na upepo wa kusi ukivuma kutoka mikokoni. Kisha akaniambia neno ambalo mwalimu mwenye tamaa ya kunifurahisha asingelisema. Alisema, "Kaka, hiki ni Kiajemi cha kuandikwa. Kwetu jua tunaita aftow. Usije ukawaambia wageni wako kwamba Waluri walifika hapa." Nilikuwa nimeshaanza kuitengeneza hadithi hiyo kichwani, sitaficha. Nilikuwa nimeshaona nitakavyoisimulia jioni, na wageni wakiandika. Aliikata kabla haijaota.

Tangu siku ile maelezo yangu pale makaburini yamebadilika. Nawaambia wageni kwamba masimulizi ya Kilwa yanataja mwana wa mfalme wa Shiraz aliyekuja na merikebu, na kwamba utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2023 ulikuta katika mifupa ya miji ya zamani ya pwani mchanganyiko wa mama wa Kiafrika na baba waliotoka Asia, wengi wao Uajemi, kuanzia takriban mwaka 1000. Nawaambia pia kwamba lugha iliyobaki ni ya kina mama: Kiswahili ni cha Kibantu uti wake wote, na Kiajemi kimetuachia maneno ya bandarini, ya serikalini na ya jikoni. Wageni wananisikiliza vizuri zaidi kuliko zamani.

Tulipotoka makaburini tukapita kwa mama yangu. Mwalimu alipiga goti kidogo, "Shikamoo mama," na mama akaitikia "Marahaba mwanangu" na kumkalisha kwenye mkeka, akaleta chai na mikate ya ajemi. Mwalimu akauliza jina la mkate. Tulipomwambia, aliutazama kwa muda kabla ya kuumega. Kisha akamsimulia mama kuhusu mkate wa bibi yake, unaoitwa kalg, unaotengenezwa kwa matunda ya mialoni ya milima ya Zagros. Matunda yale ni machungu. Humenywa, husagwa, hulowekwa siku kadhaa hadi uchungu utoke, ndipo unga wake ukandwe na kuchomwa uwe mkate mwembamba mweusi. Mama alimkatiza kabla hajamaliza. "Kama muhogo mchungu," akasema. "Unaumenya, unauloweka, unauanika, unautwanga. Mwaka wa njaa sisi tuliishi nao." Wanawake wawili wale, mmoja wa mlimani na mmoja wa mwambao, walizungumza juu ya kuondoa uchungu katika chakula kwa nusu saa nzima, na mimi nilikaa kimya nikiandika. Maneno niliyoyapata siku ile hayakunitoka tena: da, mama. Bow, baba. Gap, kubwa. Piya, mwanamume. Bohun, hema jeusi la singa za mbuzi. Mal, ambalo kwa Wabakhtiari ni kambi ya nyumbani, na ambalo mama alilisikia akasema, "Basi nyumba ndiyo mali."

Maneno ya kuhama yanastahili kutajwa, kwa sababu humo ndimo Kiluri kinapotajirika. Wabakhtiari wengi wa zamani, na wachache wa leo, huishi kwa kufuata malisho: baridi huwa nyanda za joto za Khuzestan, garmsir, na kiangazi hupandisha mifugo hadi sardsir, nchi ya baridi, wakivuka mto Karun na vipito vya theluji vya Zard Kuh. Safari yenyewe huitwa kuch. Mwalimu alitumia vipindi viwili vizima kwa safari hiyo, akichora mlima ubaoni. Ya baharini hana mengi, na mzee wa bandari alipomuuliza majina ya pepo na mawimbi alisema wazi hayo akamuulize mtu wa Bushehr, mji wa bandari. Akaongeza jambo lililomfurahisha sana mzee: ng'ambo ya Mlango wa Hormuz, kwenye rasi ya Musandam huko Oman, kuna kijiji cha wavuvi kinachoitwa Kumzar, na lugha yao, Kikumzari, nayo imo katika kundi la kusini-magharibi pamoja na Kiluri.

Sasa kasoro, maana zipo.

Kitabu hakuna. Kiluri hakina maandishi rasmi yanayofundishwa shuleni. Wanaokiandika hutumia herufi za Kiajemi, na kila mmoja huandika anavyosikia. Mwalimu hutoa karatasi alizoziandika kwa mkono, na mwezi wa kwanza hizo karatasi zilinivuruga: neno moja mara kwa herufi za Kiajemi, mara kwa herufi zetu, na hizo zetu mara hona mara hone mara huna. Nilidhani amekosea. Baadaye niliona ni baba na mama tena, na watu wa mji jirani, lakini angetuandikia pembeni lipi la nani tungeokoa wiki mbili. Nilimwambia, na karatasi za mwezi wa tatu zilikuwa na alama. Atakayeanza sasa atazikuta hivyo.

Pili, akichoka huteleza kwenye Kiajemi bila kujua. Ukimkumbusha anarudi, lakini inabidi ukumbushe, na anayeanza hawezi kujua kama ameteleza. Sikiliza kitenzi: ukiona mi- imeanza kutawala ilhali mlikuwa kwenye Kibakhtiari, ambacho hutumia i-, nyoosha mkono.

Tatu, sarufi ya wingi na vitenzi ilikwenda mbio mno. Wingi wa -gal nimeushika, zan mwanamke, zangal wanawake, kwa sababu unakaa nyuma ya neno mahali ambapo sisi tungeweka wa- mbele. Vitenzi vya wakati uliopita vilipewa Alhamisi moja tu, tena siku umeme ulipokatika, tukamaliza kwa tochi za simu. Miezi mitatu haitoshi. Anapaswa kuiweka minne au kupunguza hadithi, nami hadithi nisingependa zipunguzwe.

Cheti hakuna. Sauti za WhatsApp anazotuma usiku ni nzuri sana, dakika mbili mbili, mara yeye, mara dada yake aliyeko Khorramabad, lakini zinakula bando. Mstaafu wa bandari alikuwa akija kuzichukua kwangu.

Lipo jambo moja lililoniuma ambalo si kasoro ya darasa. Mwalimu alitusimulia kwamba shuleni kwao masomo yote ni kwa Kiajemi tangu siku ya kwanza. Ibara ya 15 ya katiba ya Iran inakifanya Kiajemi kuwa lugha rasmi ya shule na ofisi, na inaruhusu lugha za wenyeji zitumike magazetini na fasihi zake zifundishwe pamoja na Kiajemi. Mijini wazazi wengi sasa huwasemesha watoto Kiajemi tangu uchanga ili wasichekwe. Wapwa zake wanamwelewa bibi yao lakini wanamjibu kwa lugha nyingine. Aliposema hivyo nilijiona niko darasa la tatu, nikisahihishwa kwa neno la nyumbani lililokuwa sahihi nyumbani. Kiswahili sanifu kiliegemezwa kwenye Kiunguja, na tangu Kamati ya Lugha ya mwaka 1930 vitabu vyetu vimefuata njia hiyo, nami nakipenda na ndicho ninachoandikia. Lakini mama yangu ana maneno ya Kimtang'ata ambayo wanangu hawana, na mpaka nilipoketi kwenye kile chumba cha Barabara ya 9 sikuwahi kuyaandika hata moja. Daftari la Kiluri lilikuwa na kurasa 80. Kurasa 31 za nyuma sasa ni za mama. Kila Jumanne nilipotoka darasani aliniuliza neno la siku ile, nikampa, kisha naye akanipa lake.

Thamani ya pesa? Shilingi 180,000 kwa miezi mitatu si ndogo kwa mtu wa kazi yangu, msimu wa wageni ukiwa haba. Nililipa kwa awamu na hakunibana. Kwa pesa hiyo sasa naweza kusalimia, kuomba maji, kuuliza mtu ametoka wapi, kuelewa kama nusu ya hadithi fupi ya Khorramabad na robo ya ile ya Masjed Soleyman. Nimejua kusikiliza lahaja mbili na kusema zinapotofautiana. Kwa mwalimu wa Kiswahili, kwa mtu wa makumbusho, kwa anayeongoza wageni kama mimi, au kwa yeyote aliyekulia nyumba yenye lahaja, ningesema nenda bila kusita. Ningempa nyota nne kati ya tano, na ile ya tano nitaiongeza siku vitenzi vitakapopewa muda wake.

Darasa jipya linaanza Jumanne ya kwanza ya mwezi ujao. Uliza kwa mtu wa fotokopi chini, atakuonyesha ngazi. Nenda na daftari lako mwenyewe, kalamu ya rangi ya pili kwa ajili ya kutenga maneno ya baba na ya mama, na maji, maana feni si ya kutegemea. Kiti chenye upepo ni kile cha karibu na dirisha. Wahi.